Nilimpeleka mkwe kwenye maji moto ya Mwananyamala ili anikubalie posa

Wakuu, assalamu alaikum kwa wanaoitikia hiyo, na wengine wote habari za mchana.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi na mchangiaji mvivu. Leo nimeamka na jambo hili kifuani nikaona bora niliteremshe hapa. Sitatia chumvi, wala sitapunguza mahali nilipochekesha. Atakayenitambua anisitiri, asiyenijua achukue kisa aniachie jina langu.

Kwanza mnijue kidogo.

Kwetu ni Msambweni, pwani ya kusini. Lakini kazi yangu iko Bonde la Ufa, upande wa Naivasha, kwenye visima vya mvuke. Ardhi inachimbwa kilomita mbili, tatu, mpaka mnakutana na maji yaliyopikwa na joto la chini. Mvuke wake unapanda, unaingia kwenye mabomba, unazungusha mitambo, nanyi mnapata umeme wa kuchaji hizo simu mnazonisomea.

Huko ni nchi ya volkano. Milima ina mashimo juu badala ya kilele. Kuna mawe meusi yanayong'aa kama kioo, ukiyaokota ovyo yanakukata. Na alfajiri mvuke unatoka kwenye nyufa za ardhi wenyewe tu, hakuna aliyeuwasha, twiga wanapita katikati yake na miguu yao huioni. Unaona shingo tu zinatembea.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nasimama nje na kikombe cha chai nikitazama mpaka chai inapoa. Harufu yake ni ya mayai viza, sitawaficha, lakini hata hiyo niliizoea nikaipenda. Kuna siku nikiwa likizo nyumbani naikosa.

Basi.

Nikapata mchumba. Tumwite Mwanamisi, anafanya kazi ya kutandika vyumba kwenye hoteli moja huko Galu, kwao ni Munje. Tulijuana kwenye maulidi, tukapendana, na mimi si mtu wa kuzungusha mambo. Nikamtuma ami yangu na wazee wenzake wapeleke posa.

Wakapokewa vizuri sana. Kahawa, mahamri, maneno matamu. Wakaambiwa wangoje jawabu.

Jawabu likawa haliji.

Wakuu wa bara hapa niwaeleze kitu. Sisi pwani hatuambiani hapana. Tunaambiana "bado tunashauriana". Ukishasikia hivyo mara ya pili, jua mambo yamekwenda mrama. Mimi niliisikia mara ya tatu, na likizo yangu ilikuwa inayoyoma.

Mwenye neno la mwisho alikuwa mama yake Mwanamisi. Baba yake alifariki zamani, Mwanamisi akiwa bado mdogo. Nilipoambiwa hivyo nilisema Mungu amrehemu, nikaishia hapo, kwa sababu kwetu humhoji mtu marehemu wake alikufaje. Hili liwekeni akilini.

Nikambana Mwanamisi kwenye simu. Akavuta pumzi, akaniambia, "Mama anasema hanitoi kwa mtu wa huko chini kwenye moto."

Moto. Nikajiambia kumbe ni hilo tu. Mama wa watu anaogopa volkano. Pengine kaona kwenye televisheni mlima unatapika, watu wanakimbia na magodoro, akafikiri huko ndiko mwanawe atakakokwenda kupika na kulea. Nikaona hili nina dawa yake, maana kama kuna kitu ninachokijua duniani ni hicho.

Plan yangu ilikuwa hii. Huku kwetu Kwale, ukiiacha lami ya kwenda Lunga Lunga ukaingia ndani, kuna mlima Dzombo. Mnaufahamu, upo peke yake kwenye tambarare, una msitu juu. Huo mlima ni mtoto wa volkano. Na karibu nao, Mwananyamala, maji yanatoka ardhini yakiwa moto, hakuna kuni wala jiko. Nikasema nikimpeleka mama pale, auone moto ambao babu zake wamelala nao jirani tangu enzi na haujamla mtu, basi hofu itamtoka.

Nikapitia kwa shangazi yake Mwanamisi, Bi Mishi, mwanamke mcheshi ambaye akicheka hata kuku wanakimbia. Nikamwambia nasikia mkwe wangu anaumwa na miguu, na maji yale watu husema yanasaidia, na mimi gari ya binamu yangu ninayo. Bi Mishi akanitazama kwa muda. Akasema, "Una akili wewe, au una wazimu. Nitakujibu tukirudi."

Sikuelewa. Nikaja kuelewa baadaye.

Tukatoka Munje asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Mimi naendesha, kiti cha mbele hakuna mtu, nyuma Bi Mishi na mkwe wangu aliyejifunika leso mpaka puani. Mwanamisi alikuwa kazini. Nilimwamkia mkwe shikamoo bila kumtazama, naye akaitika marahaba akitazama dirishani.

Hapa tena niwaeleze msio wa kwetu. Mkwe wa kike kwetu humzoei. Humpi mkono, humtazami usoni, hamli sinia moja, na mkikutana njiani mmoja wenu anapisha. Si chuki, ni heshima, na imekaa kwenye damu. Kwa hiyo mazungumzo ya kwenye gari yalikuwa hivi: mkwe anamwambia Bi Mishi, "Mwambie apunguze mwendo." Bi Mishi ananiambia, "Umeambiwa upunguze mwendo." Nami nasema, "Mwambie nimepunguza." Sote watatu tumo ndani ya gari moja na tunasikiana.

Tukaiacha lami, tukashika barabara ya udongo mwekundu. Mvua ilikuwa imeosha kila kitu. Mashamba yalikuwa yanatoa moshi mwepesi kwa jua la asubuhi, mikorosho inadondosha maji, na Dzombo ukajitokeza mbele na wingu limelala kichwani. Sikuwa nimeuona tangu nianze kazi ya mvuke. Zamani ulikuwa mlima tu. Siku ile niliutazama nikaona kama namtambua mtu niliyesoma naye.

 

Tukafika. Mvuke ulikuwa juu ya maji kweli, mwembamba, unakwenda kidogo na upepo halafu unarudi. Akina mama wawili wa pale walikuwa wanafua pembeni. Nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma kwa furaha ya mtu aliyeleta zawadi.

Mkwe hakushuka.

Yule mama mmoja aliyekuwa akifua akamuuliza Bi Mishi, "Huyu kijana ni mwanawe?"

Bi Mishi akasema, "Hapana. Ni mkwe mtarajiwa."

Wale mama wakaangaliana. Halafu wakaangua kicheko mpaka mmoja akaachia nguo maji yakataka kuichukua.

Wakuu, hapo ndipo iliponijia. Nimemleta mama mkwe mahali pa kuoga. Nimemwendesha mwendo wote huo mimi mwenyewe, mtu ambaye sifai hata kuuona uso wake vizuri, nimemleta avue viatu, akunje nguo, atie miguu majini, na mimi nimesimama pale na ufunguo mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke, na kwa kazi yangu najua inavyopasuka.

Aliyeniokoa ni Bi Mishi. Alinishika mabega, akanigeuza kama anavyogeuzwa mtoto anayesuguliwa mgongo, akanikalisha juu ya jiwe nikielekea mlimani. "Kaa hapo. Ukigeuka posa imekufa."

Nikakaa.

Nikasikia mlango wa gari. Nikasikia leso, na viatu vikiwekwa chini. Halafu nikasikia sauti ya mkwe wangu, ya chini na ya adabu, kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya watu.

"Hodi."

Akangoja.

"Hodi."

Akangoja tena.

"Hodi jamani."

Nikasikia maji yanatokota kidogo, mapovu yanapanda. Mimi najua mapovu yale ni gesi, najua na jina lake. Lakini nilikuwa nimewapa mgongo, na mlima uko mbele yangu na wingu lake, na sikutaka kusema kitu. Bi Mishi akasema polepole, "Tumekaribishwa." Ndipo nikasikia miguu inaingia majini, na mkwe akashusha pumzi ndefu.

Tukakaa hivyo. Sijui muda gani. Nilihisi kama niko mahali pawili kwa wakati mmoja, nimekaa Kwale na nimekaa Naivasha, na chini yangu ni kitu kimoja kinachopumua.

Baadaye Bi Mishi akasema, "Haya, umeambiwa useme ulichotuletea huku."

Nikaanza. Wakuu, nilitoa lecture ya maisha yangu, kwa mlima, na mgongo wangu ndio ulioelekea wasikilizaji.

Nikasema zamani, kabla hakujawa na mtu wala ndege, huko chini kulikuwa na mawe yaliyoyeyuka kama uji wa moto. Uji ule ukapanda ukitafuta njia. Mwingine ulipoa njiani kabla haujatoka, ukagandia humohumo ndani ya ardhi. Mvua za miaka isiyohesabika zikaosha udongo wa juu, na ule uji ulioganda, kwa kuwa ni mgumu, ukabaki umesimama. Huo ndio Dzombo. Tunaouona ni moyo, mwili ulishaoshwa na mvua. Nikasema na maji haya ni ya mvua, yamezama kwenye nyufa mpaka kwenye joto la chini, yamepata moto, yamerudi. Joto lenyewe hasa limetoka wapi wataalamu wanaweza kubishana, lakini ukishuka vya kutosha popote duniani ardhi ina moto. Hata chini ya Munje. Kazi yetu sisi ni kuukaribia pale ulipo karibu, na kuomba mvuke.

Nikasema moto wa huko kwetu kazini ni ndugu wa huu. Hauna haja ya kuogopwa.

Nikamaliza. Nikajisikia nimesema vizuri.

 

Kisha mkwe akasema, "Mwulize. Hayo mashimo wanayochimba. Nani anaingia?"

Bi Mishi hakurudia swali. Ile sauti yake ya mchezo ilikuwa imeondoka. Akasema, "Mjibu, mwanangu."

Nikasema kisima chenyewe hakiingiliki, ni chembamba, ni vyuma tu vinavyoshuka. Ila kuna mashimo ya pembeni, vyumba vya chini vyenye vali, na huko tunaingia. Hata mimi huingia.



Bi Mishi ndiye aliyenieleza sababu ya swali lile, pale pale, taratibu. Marehemu kaka yake, babake Mwanamisi, alikuwa mchimba visima. Visima vyetu hivi vya kijijini, vya kuchimba kwa mkono kwenye mawe ya matumbawe. Alikuwa na desturi yake. Kabla hajashuka anasimama ukingoni, anabisha hodi mara tatu kama mgeni, halafu anateremsha koroboi inayowaka kwa kamba. Anangoja. Taa ikiendelea kuwaka anashuka. Ikizimika, hajakaribishwa, anarudi nyumbani hata kama mwenye kisima anasema nini. Siku moja jirani alikuwa na harusi, maji yanatakiwa upesi, watu wanamhimiza. Akashuka bila hodi na bila taa. Hewa ya chini ilikuwa mbaya. Walimtoa akiwa ameshakwenda.

Kile kisima hakikumaliziwa. Kilifunikwa mbao. Na mkwe wangu tangu siku hiyo huzunguka njia ya mbali asipite pale.

Mimi bado nimekaa juu ya jiwe. Nilikuwa nimezungumza asubuhi nzima juu ya moto, na mama wa watu hakuwa na neno na moto. Aliposema "huko chini kwenye moto", mimi nilishika moto. Yeye alikuwa amesema chini. Nilijionea haya, na zaidi ya haya nilimhurumia.

Nikasema, bila kumpitia Bi Mishi, nikiutazama mlima, "Mama, huko kazini kuna kifaa. Kidogo, cha kufunga kiunoni. Kinanusa hewa mbaya ambayo wewe hujaisikia bado. Kabla hatujaingia shimoni tunakitanguliza kwa kamba, tunangoja. Kikinyamaza tunaingia. Kikilia hatuingii."

Nilitegemea Bi Mishi anikemee. Hakunikemea.

Mkwe akaniuliza mwenyewe. "Na bosi akiwahimiza?"

"Hatuingii, mama."

"Hata kama wewe ndiye wa mwisho umebaki na wenzako wamekwisha kuingia?"

"Nikiona hakijatangulia, siingii."

Nikasikia anachota maji kwa kiganja anajimwagia magoti.

"Basi na nyinyi mnabisha," akasema. "Ila mnabisha kimyakimya. Mimi sitaki kimyakimya. Nataka utamke, kwa mdomo, mara tatu, kila unapoingia. Halafu ndiyo utangulize hicho kidude chako. Mwenye haraka hawezi kusema hodi mara tatu, baba. Haraka ndiyo inayoua."

Aliniita baba. Sikugeuka. Nilisema naam.

Tukiwa njiani kurudi, karibu na Ramisi, Bi Mishi akasema, "Jawabu langu ni kwamba una vyote viwili, akili na wazimu." Na nyuma nikasikia kitu ambacho kama si kicheko cha mkwe basi sijui ni nini.

Siku ya pili ami aliitwa akapewa jibu la posa. Tukafunga ndoa kabla likizo haijaisha.

(Nilienda kuswali, nimerudi. Naona mmeshaanza kuuliza kama kweli nabisha. Tulieni.)

Nabisha.

Mara ya kwanza nilisubiri wenzangu wawe mbali. Nikasimama kwenye mlango wa chumba cha vali, helmeti kichwani, mvuke unanguruma mpaka kifua kinatetemeka, nikasema hodi. Hata mimi mwenyewe sikujisikia. Nikasema tena, na tena. Nikateremsha kifaa. Kikanyamaza. Nikaingia.

Baadaye walinikuta. Walinicheka, wakanipa jina, naitwa Mgeni mpaka leo. Sijali. Mwanamisi tuko naye huku sasa, naye ameipenda ile alfajiri ya mvuke, husimama pale pale nilipokuwa nikisimama mimi, chai inampoa.

Na mkwe hupiga simu kila nikiwa na shifti. Kwa heshima hazungumzi na mimi, anampigia mwanawe. "Amebisha?" Mwanamisi ananiuliza kwa ujumbe, nami najibu nimebisha. Ni hayo tu, halafu anakata.

Sasa kilichonifanya niandike leo.

Juzi ilinyesha mvua kubwa huku, mnara ukaharibika, tukakosa mtandao. Si simu, si ujumbe. Mwanamisi akawa hana raha kwa ajili ya mama yake, nami nikamwambia atulie, mama anajua mitandao ya huku.

Mtandao uliporudi, wa kwanza kupatikana alikuwa Bi Mishi. Hakucheka. Akaniambia wifi yake alipiga na kupiga, kisha akaiweka simu mezani, akajifunga leso, akatoka. Bi Mishi akamfuata nyuma akidhani anakwenda dukani. Hakwenda dukani. Alikwenda kwa jirani, akasimama kwenye kile kisima kilichofunikwa mbao. Kile ambacho miaka yote amekuwa akikizunguka.

Akavua viatu. Akasogeza ubao mmoja. Akabisha hodi mara tatu, kwa jina langu.

Halafu akawasha koroboi, akaifunga kamba, akaiteremsha. Akakaa ukingoni ameishika ile kamba, anachungulia.

Nikamuuliza Bi Mishi, ikawaje?

Akasema, "Ilikuwa inawaka. Alikaa nayo mpaka mafuta yakaisha yenyewe. Alipoinuka akaniambia, mkwe wangu mzima, twende tukapike."

Wakuu, nilikaa na simu mkononi nikalia. Sioni haya kusema.

Funzo nililolipata mimi ni dogo. Mtu akikuambia anaogopa, usikimbilie kumweleza kile unachokijua wewe. Mwulize kwanza ni kipi. Na penye shimo, liwe la mvuke, la maji, au la moyo wa mtu, ingia kwa hodi.

Nyinyi je, kwenu kuna watu wanaobisha hodi mahali pasipo na mlango? Kisimani, msituni, shambani? Leteni visa, nasoma vyote. Wa kunicheka kwa kumpeleka mkwe kuoga nao wanakaribishwa, foleni ni ndefu na Bi Mishi yuko mbele.

Nawaacha kidogo. Shifti inaanza, na Mwanamisi ameshaniuliza.